Vifaru Weupe wa Garamba

Kaskazini mashariki ya Kongo, karibu na mpaka wa Sudani Kusini, kuna nchi pana ya majani marefu. Mito miwili, Garamba na Dungu, yapita humo. Mwaka 1938, wakati wa Wabelgiji, serikali iliweka mipaka katika nchi ile, ikakataza watu kuwinda ndani yake, ikaiita Parki ya Taifa ya Garamba. Humo mna tembo, nyati, viboko, simba na twiga. Tena katika Kongo nzima hakuna twiga wa pori mahali pengine, ila pale tu. Lakini nyama mmoja aliyekuwa sababu kubwa ya kuweka mipaka ile hayumo tena. Ni kifaru mweupe wa kaskazini. Wazee wa nchi ile walimwona kwa macho yao. Watoto wa leo humwona katika picha.

Jina lake lapotosha. Kifaru mweupe si mweupe. Rangi yake ni ya majivu, na akitoka kugaagaa matopeni ana rangi ya matope. Dume moja lapata kilo 2000, wengine hupita. Ng'ombe mnamjua, basi wekeni ng'ombe watano wa kilo 400 juu ya mzani mmoja, ndipo mtapata uzito wa kifaru. Mdomo wake ni mpana na wa sawasawa, naye hukata nao majani ya chini kama mtu afyekaye uwanja. Kifaru mweusi, ndugu yake, ana mdomo uliochongoka, hula majani ya vichaka. Macho ya kifaru hayaoni mbali, lakini masikio yake na pua yake ni hodari. Kifaru mweupe ni mpole kuliko mweusi. Upole ule haukumfaa, maana mwenye bunduki aliweza kumkaribia.

Juu ya pua ana pembe mbili, na ya mbele ndiyo ndefu. Pembe zile si mfupa, wala hazifanani na pembe za tembo. Tazameni kucha zenu: pembe ya kifaru imefanyika kwa kitu kilekile. Kwa ajili ya kitu hicho watu wamemwaga damu nyingi. Katika nchi ya Yemeni, pembe ilichongwa kuwa mpini wa jambia, na kijana mwenye jambia la namna hiyo alihesabiwa mtu wa heshima. Katika China na nchi za jirani waliisaga, wakainywa kama dawa ya homa. Mwenye homa angeweza kutafuna kucha zake mwenyewe, asingepata hasara. Lakini watu wakiamini jambo, hulipa fedha. Na fedha ikilipwa mbali, bunduki hulia karibu.

Vifaru weupe walikuwa makabila mawili: wa kusini na wa kaskazini. Wa kaskazini waliishi Uganda ng'ambo ya mto Nili, na kusini ya Sudani, na Chadi, na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kwetu Kongo. Mwaka 1960 walikuwa bado zaidi ya 2000 katika nchi hizo zote, na sehemu kubwa yao walikuwa Garamba. Halafu vilikuja vita vya mwaka 1964. Watu wenye silaha waliingia katika parki, na vifaru wengi wakauawa. Amani iliporudi, wakaanza kuongezeka tena, lakini wawindaji wa siri wakarudi nao. Mwaka 1984 walihesabiwa: wamebaki 15.

Hapo watu walishtuka. Walinzi wakaongezwa, wakapewa magari na redio za kuitana, na vifaru wakapanda polepole hata wakakaribia 30. Mngesema wameokoka. Lakini tangu mwaka 1996 Kongo iliingia tena katika vita, na kutoka Sudani walikuja wawindaji waliopanda farasi na punda, wenye bunduki za vita. Mwaka 2005 walionekana vifaru wanne tu. Mwaka uleule palikuwa na shauri la kuwapeleka watano Kenya ili walindwe, kisha warudishwe siku ya amani. Watu wengi walikataa, wakisema vifaru ni mali ya Kongo, wasitoke. Mtu aweza kuwaelewa: ni vitu vingapi vimekwisha kutoka Kongo visirudi? Basi vifaru wakabaki. Baada ya miaka michache hakuna aliyewaona tena.

Sasa fanyeni hesabu. Mbuzi huchukua mimba miezi mitano, na mara nyingi huzaa mapacha. Kifaru huchukua mimba miezi 16, naye huzaa mtoto mmoja. Humnyonyesha na kumlinda, na miaka miwili au mitatu hupita kabla hajazaa tena. Jike mwenyewe haanzi kuzaa mpaka awe na miaka sita au saba. Basi penye majike kumi wazima, kwa mwaka mmoja watazaliwa watoto watatu au wanne. Mwindaji mmoja mwenye bunduki nzuri aweza kuua wanne kabla ya jua la saa sita. Hana haja ya kuwaua wote. Yatosha kila mwaka wafe wengi kidogo kuliko wanaozaliwa, na wala hakuna mtu atakayeona siku ambayo kabila limepita mahali pa kurudi. Panya huwezi kummaliza kwa mitego yote ya kijiji, kwa sababu panya ana watoto wengi. Kifaru, tembo na sokwe hawana deni kama hilo la kukopa.

Msidhani kwamba bunduki peke yake humaliza nyama. Katika kisiwa cha Morisi, bahari ya Hindi, aliishi ndege aitwaye dodo. Alikuwa mnene kuliko bata mzinga, hakuweza kuruka, na hakumwogopa mtu kwa kuwa hakumjua. Waholanzi walifika huko mwaka 1598. Mabaharia walimla, ndiyo, lakini adui mbaya zaidi walikuwa nyama waliokuja pamoja nao katika merikebu: panya, nguruwe na kima. Dodo alitaga chini, bila kujificha. Nguruwe walikula mayai. Hata miaka 100 haikutimia, dodo akawa hayuko.

Jambo kama hilo limetokea karibu nasi. Katika miaka ya 1950 watu walianza kutia sangara katika ziwa Viktoria. Ni samaki mkubwa, jamaa ya sangala wetu wa Tanganyika. Ziwa lile lilikuwa na samaki wadogo waitwao furu, mamia ya namna, na kila namna ilikuwa na chakula chake na mahali pake. Sangara akawala. Namna nyingi hazionekani tena mahali popote duniani. Ukimwuliza mvuvi wa Mwanza, atamsifu sangara, maana amewalisha watu na kuwapa fedha. Furu hawana wa kuwasemea.

Mahali pengine watu hukata msitu, na nyama anayeishi humo hana pa kukimbilia. Mahali pengine ugonjwa mgeni huingia. Tena kweli ni hii: kabla mtu hajawako, makabila mengi ya nyama yalikwisha yenyewe. Mijusi mikubwa ya kale, ambayo mifupa yake huchimbwa katika mawe, ilikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Lakini mambo yale yalikuwa ya vipindi virefu sana. Leo mzee mmoja aweza kuona katika maisha yake kabila likiwa wengi, likiwa wachache, likiwa halipo.

Wala wingi si ngao. Katika Marekani walikuwako njiwa wa porini ambao wenye elimu hukadiri kwamba walipata milioni elfu tatu au zaidi, yaani kupita watu wote wa dunia ya siku zile. Kundi lao lilipopita, jua lilifunikwa. Watu walikata misitu waliyojenga viota, wakawapiga risasi, wakawapakia katika magari ya moshi kuwauza mijini. Wa mwisho, jike aitwaye Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya nyama ya Cincinnati.

Turudi kwa kifaru wetu, maana habari yake haikuishia Garamba.

Zamani, kabla hawajakwisha porini, wachache walikamatwa wakapelekwa katika bustani za nyama za Ulaya na Marekani. Mwaka 1975 dume mdogo alikamatwa katika Sudani, akapelekwa Dvůr Králové, mji wa nchi iliyoitwa siku zile Chekoslovakia. Wakamwita Sudan, kwa jina la nchi aliyotoka. Huko alizaa binti, Najin, mwaka 1989. Najin naye alizaa binti, Fatu, mwaka 2000. Tangu Fatu, hakuna mtoto wa kabila lile aliyezaliwa mahali popote.

Mwezi wa Desemba 2009, Sudan, Najin, Fatu na dume mwingine, Suni, walirudishwa Afrika, wakawekwa Ol Pejeta katika Kenya, chini ya mlima Kenya. Watu walitumaini kwamba jua na majani ya kwao yatawafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan alizeeka, miguu yake ikadhoofika. Walinzi wenye bunduki walikaa naye usiku na mchana, na watu wa nchi nyingi walikuja kumtazama. Alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45. Wakabaki Najin na Fatu, mama na binti, bila dume. Katika hesabu ya kawaida, kabila lilikuwa limekwisha siku ile, ingawa wawili walikuwa bado wanakula majani.

Lakini madaktari walikuwa wameweka akiba. Madume walipokuwa hai, mbegu zao zilichukuliwa zikawekwa katika vyombo vyenye azoti iliyofanywa maji, penye baridi ya digri 196 chini ya sifuri. Katika baridi ile kitu hakiozi wala hakizeeki. Mwaka 2019 madaktari waliwalaza usingizi Najin na Fatu kwa dawa, wakatoa mayai machanga ndani yao, wakayapeleka upesi kwa ndege mpaka Italia. Huko, katika chumba cha kazi yao, yai lilikutanishwa na mbegu ya dume aliyekwisha kufa. Mayai mengine yaliharibika. Mengine yakaanza kugawanyika, moja kuwa mawili, mawili kuwa manne, yakawa mwanzo wa kifaru, ambao wenye elimu huuita kiinitete. Najin baadaye aliachwa apumzike kwa uzee wake, na Fatu akaendelea peke yake. Viinitete zaidi ya 30 vimepatikana, navyo vyangoja katika baridi ileile.

Nani atavichukua tumboni? Fatu hawezi kuchukua mimba, na miguu ya nyuma ya Najin ni dhaifu. Basi wametafutwa majike wa kabila la kusini. Kwanza madaktari walijaribu kwa kiinitete cha kusini, wasipoteze kile cha thamani. Mwaka 2023, katika Ol Pejeta, walimtia jike mmoja kiinitete, naye akashika mimba. Haijapata kutokea kwa kifaru kabla ya hapo. Kisha mvua kubwa ikanyesha, ugonjwa wa udongo ukatoka, jike akafa. Walipompasua waliona mtoto dume wa siku 70, urefu wake sentimeta sita na kidogo. Huzuni na furaha siku moja: mama amekufa, lakini njia imejulikana kuwa ni njia.

Je, kazi ile ni njema? Wenye elimu wenyewe hawakubaliani, wala ninyi hamtakosa kugawanyika mkiulizwa.

Mmoja husema: Fedha nyingi zinatumika kwa vifaru wawili. Kwa fedha ile tungelipa walinzi wangapi wa kulinda nyama walio hai leo, sokwe wakubwa wa Kahuzi, okapi wa Ituri? Maneno hayo yana nguvu. Lakini mara nyingi yule anayetoa fedha kwa kifaru asingeitoa kwa okapi. Fedha ya mtu haiendi mahali moyo wake hauko.

Mwingine husema: Mkijifunza kuwarudisha nyama waliokwisha, watu hawataogopa tena kuwamaliza. Watasema, waache wafe, madaktari watawaleta. Neno hili naliogopa zaidi kuliko lile la kwanza. Dawa yake ni kusema ukweli jinsi kazi ilivyo ngumu. Katika milima ya Pirenei, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, waliishi mbuzi wa mwitu wenye pembe kubwa. Mwaka 2000 amebaki jike mmoja tu, na mti ukamwangukia, akafa. Ndivyo ilivyo hatari ya kubaki wachache: mti mmoja unamaliza kabila zima. Wenye elimu walikuwa wamechukua kipande cha ngozi yake. Kwa chembe za ngozi ile walijaribu mara nyingi sana, na mwaka 2003 alizaliwa mtoto mmoja, akiwa na kasoro mapafuni. Aliishi dakika chache, akafa. Kabila lile ndilo la kwanza kurudi duniani, na la kwanza kwisha mara mbili.

Wengine huuliza: Je, si kushindana na Mungu Mwumbaji? Tazameni vizuri. Madaktari wa kifaru hawakuumba kitu. Yai limetoka katika jike aliye hai, na mbegu imetoka katika dume aliyekuwa hai. Wanafanana na mkulima ambaye, baada ya nzige kula shamba, amekuta kibuyu kimoja cha mbegu juu ya moshi. Mimi naona aliyeliharibu shamba ndiye mwenye neno la kujibu.

Lakini si kila jambo la namna hii ni sawa. Wako wanaotaka kurudisha tembo wa kale mwenye manyoya marefu, ambaye wa mwisho wao walikufa miaka kama 4000 iliyopita katika kisiwa cha baridi kaskazini ya Urusi. Hakuna yai lake, hakuna mbegu yake, kuna vipande vya chembe katika barafu tu. Atakayezaliwa atakuwa tembo wa Asia aliyebadilishwa kidogo, bila mama wa kumfundisha, bila kundi. Mwaka 2025 watu wa Marekani walitangaza kwamba wamewarudisha mbwa-mwitu wakubwa wa kale. Wenye elimu wengi walijibu kwamba hao ni mbwa-mwitu wa leo waliobadilishwa rangi na kimo. Katika mambo hayo naona ufundi mwingi na haja ndogo. Kifaru ni mwingine. Aliuawa jana, majani yake bado yanaota Garamba, na jike wawili wa kabila lake wangeweza kumwonyesha mtoto namna ya kula na kukaa. Ndiyo sababu madaktari wana haraka: wanataka mtoto azaliwe kabla Najin na Fatu hawajafa.

Hata hivyo kuna shida ambayo baridi ya digri 196 haiwezi kuiponya. Madume walioachiwa mbegu ni wachache, na wengine wao ni ndugu wa majike haya. Mnajua mifugo ya zizi dogo, wanaozaana ndugu kwa ndugu: watoto hudhoofika. Kwa hiyo wenye elimu wanajaribu kutumia ngozi za vifaru wengine waliokufa, zilizowekwa katika baridi, ili chembe zake zigeuzwe kuwa mayai na mbegu. Kwa panya mdogo wa nyumbani jambo hilo limewezekana. Kwa kifaru bado.

Na Garamba? Mwezi wa Juni 2023 vifaru weupe 16 waliingia tena katika parki ile. Si wa kabila la zamani. Ni wa kusini, waliotoka Afrika ya Kusini, safari ya kilometa zaidi ya 3000. Kabila la kusini nalo lilikaribia kwisha: mwishoni mwa miaka ya 1800 walikuwa chini ya 100, mahali pamoja tu. Walilindwa, wakazaa, na leo ni zaidi ya 15000. Hawakurudishwa kwa azoti wala kwa vyombo vya kioo. Walirudishwa na watu waliozuia bunduki kwa miaka 100.

Wengine husema basi yatosha, wa kusini wafanye kazi ya wa kaskazini, maana wote hufyeka majani yaleyale. Wengine hujibu kwamba wa kaskazini walikuwa wameizoea nchi ile, mvua yake na magonjwa yake, kwa maelfu ya miaka. Siku moja labda jibu litaonekana kwa macho, jike wa kusini akitembea na mtoto wa kaskazini kando ya mto Dungu. Kwa sasa vifaru wale wanalindwa na walinzi wa Garamba, ambao baadhi ya wenzao waliuawa katika kazi hii hii.

Maulizo

1. Kwa nini ni rahisi kumaliza vifaru kuliko panya? Jibuni kwa hesabu.
2. Pembe ya kifaru imefanyika kwa kitu gani? Mtamwambia nini mtu anayeinunua kwa dawa?
3. Dodo wa Morisi na furu wa ziwa Viktoria walipatwa na adui wa namna moja. Ni namna gani?
4. Mwaka 2005 watu walikataa vifaru wasipelekwe Kenya. Kama ungekuwako, ungesema nini?
5. Uliza wazee wa kwenu: ni nyama gani waliyemwona zamani katika pori la kijiji, ambaye wewe hujamwona? Andika jina lake kwa lugha ya kwenu.